Jibu: pembetatu za vitenge hazikutani ncha, mablanketi ya watoto ya kugawa

Mkuu, umesema una gunia la mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi, unataka kushona mablanketi ya watoto ya kugawa wodini, ila ncha za pembetatu hazikutani na blanketi linakaa mawimbi. Tatizo lako liko kwenye mkasi. Unakata pembetatu kwanza ndipo unashona. Ukifanya hivyo ule upande mrefu unakuwa mshazari, haufuati mtande wala mshindio (nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa), na ukiuvuta kidogo tu unarefuka. Usikate pembetatu kabisa, kata miraba.

Kata kadibodi ya inchi 5 kwa 5 uitumie kama kipimo. Chukua mraba mmoja wa rangi iliyokoza na mmoja wa rangi nyepesi, vilaze uso kwa uso, chora mstari kwa penseli kutoka kona hadi kona. Shona robo inchi upande huu wa mstari, kisha robo inchi upande wa pili. Sasa ndipo ukate juu ya mstari. Umepata miraba miwili, kila mmoja una pembetatu mbili, na ule mshazari umeshafungwa na uzi kabla haujapata nafasi ya kuvutika.

Pasi nayo ina namna yake. Ishushe, inyanyue, ihamishe. Ukiiburuta kama unanyoosha shati unarudisha mawimbi yaleyale. Mshono ulalie upande wa rangi iliyokoza.

Halafu punguza kila mraba uwe inchi 4 na nusu. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayokutanisha ncha. Kata jalada la faili la plastiki angavu kwa kipimo hicho, lichore mstari kona hadi kona, mstari ukae juu ya mshono, kisha kata kinachozidi pande zote nne. Utaondoa kama moja ya nane ya inchi tu.

Robo inchi usiikisie. Pima kutoka kwenye sindano, bandika selotepu kwenye bati la cherehani, kitambaa kipite kikigusa ukingo wake. Ukizidisha milimita 1 tu, mstari wa miraba 8 una mishono 7, kila mshono unakula pande mbili: umepoteza milimita 14, zaidi ya nusu inchi.

Kila mraba ukishaunganishwa unabaki inchi 4, kwa hiyo blanketi la miraba 8 kwa 10 linatoka inchi 32 kwa 40. Unahitaji miraba ya inchi 5, 40 iliyokoza na 40 myepesi. Mabaki ya vitenge mara nyingi yamekoza, kwa hiyo nyepesi nunua kitambaa cheupe cha pamba, marekani au bafta: kwenye upana wa inchi 44 unapata miraba 8 kwa mkato mmoja, hivyo yadi 1 inatosha na kubaki. Bitana yadi 1. Ukingo vipande 4 vya inchi 2 na nusu vilivyonyooka. Usivikate mshazari, blanketi halina mviringo.

Ukiunganisha mistari ya miraba, wa kwanza lalisha mishono kulia, wa pili kushoto, hivyohivyo hadi mwisho. Mishono inaingiana penye kona; ukipapasa kwa kidole unasikia imekamatana. Choma pini hapo.

Kabla ya yote loweka mabaki kwenye maji, hasa mekundu na ya buluu. Yakichuja, yatachafua marekani yote siku ya kwanza ya kufuliwa. Choma na uzi mmoja: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, polista inayeyuka kuwa kishanga kigumu. Hiyo itoe. Kanga usichanganye na kitenge kizito, inawahi kuchanika. Na ukiitumia, soma maandishi yake kwanza. Mzazi aliyetoka kujifungua hahitaji kipande cha kijembe cha mke mwenza.

Katikati usiweke sufi, inajikusanya mabonge ikifuliwa. Kwa baridi ya Njombe au Limuru weka flana au blanketi jepesi la zamani lililofuliwa. Kwa joto la Dar au Mombasa kitambaa na bitana tu vinatosha. Shikilia tabaka kwa kupita cherehani juu ya mishono ya miraba kutoka katikati kwenda nje. Mafundo ya uzi ni ya haraka, lakini kwa mtoto mchanga yaache, vidole vinanasa.

Waulize manesi kwanza wanataka ukubwa gani, maana kwa watoto njiti kipimo hiki kinaweza kuwa kikubwa. Mwambie na mama kuwa ni la kumfunika mtoto akiwa amebebwa, si la kumwachia kitandani akiwa amelala peke yake. Fua bila manukato, geuza upande wa bitana, kata kila uzi unaoning'inia.