Jeanne Moreau hakuanzia kwenye sinema
Umeuliza kama Jeanne Moreau, yule mwigizaji wa Ufaransa, aliibuliwa na filamu ya Jules et Jim. Hapana, ndugu. Hiyo ilitoka 1962, na mwenzetu alikuwa jukwaani tangu 1947, pale kwenye ukumbi wa maigizo wa Comédie-Française mjini Paris. Baadaye akahamia Théâtre National Populaire, kundi la maigizo la mwongozaji Jean Vilar, akaigiza na mwigizaji Gérard Philipe. Filamu alikuwa akicheza pia, ila hazikumpa jina kubwa.

Kilichobadilisha mambo ni filamu ya Ascenseur pour l'échafaud ya mwongozaji Louis Malle, 1958. Tazama pale anapozurura usiku barabara ya Champs-Élysées akimtafuta mpenzi wake: uso hauna vipodozi vya maana, mwanga ni ule wa madirisha ya maduka tu, kamera imewekwa kwenye kigari cha mtoto, na tarumbeta ya mwanamuziki wa jazz Miles Davis inalia. Haongei sana, lakini unamwelewa. Kwangu mimi hapo anaizidi hata Jules et Jim, mkitaka tubishane.

Tamasha la filamu la Cannes lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike 1960 kwa filamu ya Moderato Cantabile. César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora wa kike ikaja 1992, akiwa na miaka 64. Na jukwaa hakuliacha.