Mke wangu anakopa kwa siri, nimrudishe kwao?

"Shangazi, nimeoa Mgogo, mwaka wa sita sasa. Juzi watu wa kausha damu wamebeba televisheni yangu. Kumbe mke alikopa laki mbili kimyakimya! Siku hizi haniombi hata nauli. Mtoto alipopata homa alimbeba mgongoni mpaka zahanati, nami nipo ndani. Akiomba hela ya mboga huwa namtania tu, 'Wagogo kwa kuomba hamjambo!' Tunacheka sote. Nadhani ana kiburi." Mume Aliyechoka, Temeke.

Pole kwa televisheni.

Sasa mwanangu, tunacheka sote, nani na nani? Umewahi kumtazama usoni wakati unacheka? Mwenye kiburi habebi mtoto wa homa juani wakati baba yake yupo ndani na hela mfukoni. Hiyo ni aibu, na umeipanda wewe. Kila akifungua mdomo anaona anakuthibitishia jina baya la kwao, basi kaamua kuufunga. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Utani wa makabila naujua, nimekulia humo. Lakini utani una kujibizana. Yeye hukutania nini? Barua yako haisemi.

Halafu, kabla ya kusema Wagogo wanaomba, jua kwamba walinyang'anywa. Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani, kisha Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, na wanaume wakabebeshwa mizigo ya vita. Mvua nayo ikakata. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya, ikaua maelfu.

Na jina baya humkaa mtu mwilini. Mwaka 1995 huko Marekani, wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa chuo mtihani mgumu. Huko weusi husingiziwa kuwa hawana akili. Basi weusi walioambiwa unapima akili walifanya vibaya kuliko weusi wenzao walioambiwa haupimi akili. Maswali ni yaleyale! Sembuse mkeo, anayepimwa kila asubuhi kwa hela ya mboga?

Vijana mnaoa nje ya kabila, jambo jema, kisha mnaingia ndani na kashfa zote za mtaani: Mpare bahili, Mhaya majivuno, Mzaramo mvivu. Mnalala nazo kitanda kimoja.

Kumrudisha? Nikiwa mkweo, ningekudai wewe faini. Lipa deni, usimsimange. Kesho kabla hujatoka, acha hela ya mboga mezani, na ya nauli pembeni, asiombe. Na siku nduguzo wakija, wale mnaocheka nao, mwombe mkeo radhi mbele yao.