Bakuli la Karatasi Halitaki Haraka

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba bakuli alilotengeneza na mwanawe kwa magazeti na gundi ya unga limeota madoa meusi na kutoa harufu, na mtoto amesusa kazi yenyewe. Namhurumia mtoto zaidi. Madoa hayo ni ukungu, na ukungu huja pale ambapo juu pamekauka lakini ndani bado kuna unyevu. Karibu kila kinachoharibika katika ufundi huu huanzia kwenye maji: ama yamezidi, ama yamekosa pa kutokea.

Chagua gazeti la kawaida kwa sababu linanyonya. Kurasa za majarida zinazong'aa zimepakwa kitu kinachozuia maji, kwa hiyo gundi inateleza juu yake na kingo zinajikunja zikikauka. Chaneni kwa mikono, mkasi uwekeni kando. Ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinazolala na kushikana na kipande cha jirani. Ukingo wa mkasi huacha mstari ambao hata rangi haiufichi. Gazeti lina upande wake wa kuchanika: likivutwa huku linachanika sawasawa, likigeuzwa linakwenda ovyo. Mwache mtoto augundue upande huo mwenyewe, atafurahi. Vipande vya upana wa sentimita 2 au 3 na urefu wa 10 vinatosha. Mahali penye mviringo mkali tumia vya nusu ya hapo, la sivyo vitajikunjakunja.

Kwa gundi, koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe 3 vya maji, mimina mchanganyiko huo taratibu huku ukikoroga, punguza moto, uendelee kwa dakika 3 hivi mpaka uwe mzito na wenye kung'aa kidogo. Tia kijiko kikubwa 1 cha chumvi. Chumvi inauchelewesha ukungu tu, haiuzuii, kwa hiyo usiitegemee. Gundi ikipoa itazidi kuwa nzito. Ilegeze kwa maji kidogo. Wengi hukoroga unga mbichi na maji wakaanza kubandika. Inashika, lakini watoto wadogo hawaachi kutia vidole mdomoni, na unga mbichi unaweza kuwa na bakteria wa kuharisha. Pika. Jikoni asimame mtu mzima, na mtoto mwenye mzio wa ngano apikiwe ya wanga wa mahindi au unga wa muhogo.

Umbo la kubandikia liwe bakuli la plastiki lililofudikizwa. Lipake mafuta ya mgando au lifunike kwa mfuko wa plastiki, maana ukisahau hapo bakuli la karatasi halitachomoka bila kuchanika. Puto nalo linafaa kwa vichwa vya wanyama, ila lipulizwe na mkubwa na vipande vyake viokotwe vyote likipasuka, kwa kuwa vinaweza kumkaba mtoto.

Sasa chovya kipande, kisha kipitishe katikati ya vidole viwili kukamua gundi iliyozidi. Kitendo hiki kidogo ndicho kinachookoa kazi nzima. Kipande kinatakiwa kilowe bila kudondosha. Safu ya kwanza ilale kwa mlalo, ya pili kwa wima, ili nguvu za karatasi zipishane. Safu ya pili itumie karatasi nyeupe zilizoandikwa upande mmoja. Mtoto ataona mwenyewe palipobaki wazi, wala hutahitaji kumwonyesha.

Weka safu 2 tu kwa siku, jumla 4 kwa bakuli, 6 kwa kitu cha kuchezea. Watu hubandika zote 4 kwa mpigo kwa sababu mtoto ana hamu, na hapo ndipo unyevu unapofungiwa katikati. Acha saa 24 baina ya awamu, na zaidi hali ya hewa ikiwa na unyevunyevu. Weka kazi juu ya kichanja cha waya ili hewa ipite chini, penye upepo au feni. Puto lisianikwe juani: hewa ya ndani hutanuka kwa joto ikaachanisha vipande vibichi, kisha jioni hunywea na ganda likabonyea. Joto kali la oveni au moto hukausha juu haraka na kukuachia ubichi ndani.

Kujua kama imekauka, iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, maji bado yanatoka. Igonge pia kwa kucha: iliyokauka hutoa mlio mkavu, mbichi haisikiki vizuri. Bakuli lililokwisha kuota ukungu litupe. Rangi itaufunika tu.

Trei za mayai ni hazina nyingine. Zichane, ziloweke usiku kucha, zikamue sana kwenye kitambaa, kisha changanya vikombe 2 vya rojo hilo na nusu kikombe cha gundi. Yafaa kwa pua, masikio na nyusi. Unene usizidi sentimita 1, kwa kuwa rojo husinyaa likikauka na kupata nyufa.

Kabla ya rangi, paka nyeupe nyembamba mara 2 ili maandishi ya gazeti yasichungulie. Na tafadhali, mzazi, sikio la tembo likikaa upande, liache likae upande. Ukimrekebishia mtoto akiwa amelala, asubuhi ataiona kazi yako.

Bakuli likishapakwa rangi ni la vifungo, penseli na funguo. Halifai kwa chakula wala maji. Gundi iliyobaki hukaa kwenye friji siku 2, ikichacha itupwe kwenye pipa la taka. Usiimwage kwenye sinki, itagandamana ndani ya bomba.