Lee-Enfield iliyounganishwa upya: uliza mtutu kabla ya kuamini namba

Aliyewahi kununua gari la mkono wa pili Nairobi anajua kwamba chesisi kufanana na logibuku si hakikisho la injini. Injini yenyewe huenda ilitoka Barabara ya Kirinyaga juzi tu. Lee-Enfield, bunduki za zamani za jeshi la Uingereza, ziko vivyo hivyo. Bunduki hizi, ambazo King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walizitumia miaka mingi, ziliingia karakana na kutoka zikiwa na mtutu mpya, bolti (chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu) ya nyingine na mbao za tatu. Ukianza kazi ya kuzikagua, iwe stoo ya makumbusho au kwa mfanyabiashara mwenye leseni, chukulia kila kipande kuwa mgeni mpaka kijieleze.

Sheria kwanza. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, huhesabu hata mtutu au bolti peke yake kuwa silaha. Usibebe mtutu kwenye mkoba ukapanda nao matatu kwenda kwa fundi wa lathe Kariobangi, hata kama ni mahiri kiasi gani. Kazi ifanyike pale silaha ilipoandikishwa.

Kabla ya kipimo chochote, elekeza mdomo pasipo na mtu, toa magazini, fungua bolti, mulika chemba, mahali risasi inapokaa, kwa tochi, kisha mulika tena.

Sasa tambua aina. No.1 Mk III, ile ya 1907, ina kofia butu ya chuma inayofunika mbao hadi usawa wa mdomo, na kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu. No.4, iliyozagaa katika Vita vya Pili, huchomoza mdomo nje ya mbao, na kilengeo chake cha nyuma kiko karibu na jicho, mwisho wa nyuma wa mwili, yaani chuma kinachobeba bolti. Kwenye No.1 tazama upande wa kulia wa shingo ya chuma inayopokea kitako: kuna taji, kiwanda, mwaka na aina. Enfield, BSA (Birmingham Small Arms) na LSA (London Small Arms) ni za Uingereza, Lithgow ni Australia, Ishapore ni India. Kwenye No.4 namba yenyewe husaidia: herufi L katikati ni Long Branch ya Kanada, C ni Savage ya Marekani, ambayo pia huwa na maneno US PROPERTY.

Chora bunduki kwenye karatasi na uandike kila namba mahali ulipoiona. No.1 kwa kawaida hubeba namba kwenye mwili, mtutu, mkono wa bolti, kofia ya mdomo, kilengeo cha nyuma na chini ya mbao za mbele. Namba ya zamani iliyokatwa kwa mstari na mpya kugongwa kando yake ni kazi ya wazi ya karakana ya jeshi. Ya kutilia shaka ni namba "safi" mno: chuma kimesuguliwa kikabonyea, na tarakimu hazifanani na za mwilini. Alama FTR (Factory Thorough Repair) na mwaka maana yake ilifanyiwa ukarabati mkubwa kiwandani, kwa hiyo mtutu wa baadaye kuliko mwili si kosa. Mtutu wa 1917 kwenye mwili wa 1942 ndio unaohitaji maswali.

Jinsi mtutu ulivyokaa ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu hutazama kutu badala ya mkao. Sehemu nene ya nyuma ya mtutu ina bapa juu. Weka rula hapo na uilinganishe na mwili. Ikiinama, kilengeo cha mbele nacho huinama, na aliyeufunga ameusokota kupita kiasi au kidogo mno. Tatizo haliishii kwenye shabaha. Uso wa nyuma wa mtutu una mkato wa kupisha ndoano ya kutolea ganda, na mkato ukihama, bolti hukataa kufunga au ndoano huvunjika.

Kisha nafasi ya ukingo. Risasi ya .303, ya bunduki hizi, hushikiliwa kwa ukingo wa kitako cha ganda lake, kwa hiyo geji (kipande cha chuma cha kupimia) hupima kati ya uso wa bolti na mtutu: inchi 0.064 ndiyo ya chini, 0.074 ya juu, yaani takriban milimita 1.63 hadi 1.88. Bolti ifunge juu ya geji ya chini, ikatae geji ya juu. Vichwa vya bolti vya No.4 vina namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Usikimbilie kubadilisha kichwa. Paka wino kwenye masikio mawili ya bolti, yanayoishikilia inapofungwa, funga, fungua: wino ukifutika upande mmoja tu, mzigo wote uko upande huo na kichwa kirefu kitaficha ugonjwa tu. Vichwa vya No.1 havina namba, na kukikopa kwenye bolti nyingine bila kupima ni kubahatisha.

Mbao. Kwenye No.1 usifungue skrubu ndefu ya kitako kabla ya kuondoa mbao za mbele. Ncha yake ya mraba imeshikwa na kibati ndani ya mbao hizo, na ukiizungusha unazipasua. Hakikisha pia kibushi cha chuma cha skrubu kubwa ya mbele kipo. Kikikosekana, kila unapokaza unaponda mbao. Kwenye No.4 mbao husukuma mtutu juu karibu na mdomo kwa ratili 3 hadi 7, kama kilo 1.4 hadi 3.2. Funga bunduki imara, vuta mdomo juu kwa mizani ya ndoano, ukiwa umechomeka kipande cha karatasi chini ya mtutu. Karatasi ikilegea, soma mizani.

Ukikuta DP (Drill Purpose) popote, weka geji chini. Hiyo ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride, mara nyingine imetobolewa chemba. Iandike hivyo kwenye daftari, kwa herufi kubwa, na ining'inie ukutani.