Ngome za Dahn nilizielewa nilipozipanda kwa baiskeli

Mhariri salamu, na wasomaji wenzangu pia. Wiki hii mmeuliza ni wapi mtu alipita kwa gari akaona kawaida tu, kisha akarudi kwa baiskeli ndio akapaelewa. Mimi jibu langu ni Dahn, mji mdogo kusini magharibi mwa Ujerumani, pua na mdomo na mpaka wa Ufaransa, ndani ya msitu unaoitwa Pfälzerwald.

Mara ya kwanza nilipelekwa na wenzangu wa kazini. Tukaegesha gari, tukapanda ngazi, tukapiga picha, tukashuka, tukaenda ngome nyingine, ngazi tena, picha tena, mpaka jioni nimeona ngome tatu na siwezi kukwambia ipi ni ipi. Na kilichonikera zaidi ni kwamba sikuona sababu. Mimi ni mtu wa Mombasa, kwetu Fort Jesus haihitaji maelezo, imekaa pale tangu miaka ya 1590 ikitazama mlango wa bandari, hata mtoto wa chuoni anaona ilikuwa ikilinda nini. Lakini huku mtu amejenga juu ya jiwe katikati ya msitu, bahari hakuna, mji mkubwa hakuna, sasa alikuwa akilinda nini?

Basi nilipopata baiskeli ya graveli nikarudi peke yangu, mwezi wa tano, siku mbili. Kwa asiyezijua, hizi ni zile zenye hendeli iliyopinda kama za mbio lakini tairi ni pana, zangu ni milimita 45, breki za diski na gia nyepesi za kupandia mlima. Kwetu Kenya wengi tulizijua kupitia marehemu Suleiman Kangangi, Sule, mwendesha baiskeli wetu, na wenzake wa timu ya Team Amani, na mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara yaliyoanza 2021. Alianguka mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022 akafariki, Mungu amrehemu, na mimi mpaka leo nikikaa kwenye siti namkumbuka.

Nilishuka kwenye treni Hinterweidenthal. Hapo juu ya kijiji kuna Teufelstisch, yaani meza ya shetani, jiwe bapa kubwa limekalia nguzo nyembamba, lote pamoja urefu wake kama mita 14, ukilitazama unajiuliza mbona halianguki. Kutoka hapo nikafuata bonde la mto Wieslauter mpaka Dahn. Hapo kwenye bonde ndio nikaanza kuelewa, na iliyonifundisha ni miguu. Maana bonde ni jembamba na ni tambarare, unateleza tu, lakini ukikata kulia au kushoto mita mia mbili umeshaingia mlimani, gia imefika mwisho na jasho linaingia machoni. Nikasema aah, kumbe barabara ni hili bonde! Mwenye mkokoteni wa nafaka, mwenye ng'ombe, jeshi, wote lazima wapite hapa chini, hakuna anayepanda kule juu kwa hiari yake. Sasa aliyekaa juu ya jiwe anawaona wote na wao hawawezi kumfikia.

Na majiwe yenyewe ndio nusu ya kazi. Ni mawe ya mchanga, mekundu, yamesimama wima juu ya migongo ya milima kama ukuta uliokwisha kujengwa. Pale Altdahn kuna ngome tatu pamoja, Altdahn, Grafendahn na Tanstein, juu ya majabali matano yaliyopangana safu moja, na mafundi wa zamani hawakuishia kujenga juu yake, wameyachonga ndani, ngazi ni jiwe lile lile, vyumba ni jiwe lile lile, hata kujua wapi Mungu ameishia na wapi binadamu ameanzia ni shida. Nilikaa pale saa nzima na nusu, siku ile ya gari tulikaa dakika ishirini.

Kuhusu njia niseme kidogo. Msitu umejaa barabara za changarawe zinazopitisha malori ya magogo, na sheria ya misitu ya jimbo la Rheinland-Pfalz inataka baiskeli ipite kwenye barabara hizo, vijia vyembamba ni vya watu wa miguu. Wako wanaolalamika, mimi naona ni sawa, nimepishana na wazee na fimbo zao tukasalimiana vizuri bila mtu kumrukisha mwenziwe. Shida ya kule ni mchanga. Jiwe likichakaa linakuwa mchanga, kwa hivyo unashuka kwenye changarawe ngumu nzuri halafu kwenye kona ghafla ni kama ufuo wa Nyali, ukiwa umejaza upepo mwingi unalala chini. Na mvua ikinyesha ule mchanga unaingia kwenye breki. Siku ya pili nilikuwa nashuka kuelekea Erlenbach kwenye mvua nikasikia chuma kinasaga chuma, pedi za nyuma zimekwisha kabisa na asubuhi nilizikagua zilikuwa bado zina nyama. Niliogopa kweli, nikashuka nikasukuma mpaka chini. Anayekwenda abebe pedi za akiba, hili nasema kwa msisitizo.

Lakini kule chini Erlenbach ndiko iliko ngome niliyoipenda kuliko zote, Berwartstein. Zamani njia ya kuingia juu ilikuwa ni tundu kwenye jabali, kama bomba la moshi, unapanda humo kwa humo, na kisima chao kimechimbwa ndani ya jiwe zaidi ya mita 100 kwenda chini. Hebu fikiria, mita mia moja za jiwe, kwa nyundo na patasi! Mwaka 1480 ilishikwa na bwana mmoja Hans von Trotha, ambaye aligombana na abati, yaani mkuu wa watawa, wa Weissenburg, mji wa chini kule mto unakoelekea. Alichofanya ni kuuziba mto Wieslauter mji ukakosa maji, na walipolalamika akalibomoa bwawa, mafuriko yakaushukia mji. Ugomvi ukafika kwa Kaizari na kwa Papa, akafukuzwa kanisani, akafa 1503 hawajapatana, na mpaka leo watu wa Alsace, upande wa Ufaransa, huwatishia watoto kwa jina la Hans Trapp wakati wa Krismasi, kama sisi tulivyotishiwa zimwi. Sasa hadithi hii kwenye gari nilisimuliwa na ikapita. Kwa baiskeli nilikuwa nimeufuata mto wenyewe, nimeona bonde lilivyobana, wallahi mahali pengine unaona kabisa mtu na watu wake wanaweza kuliziba.

Chakula usiwe na wasiwasi, msituni kuna vibanda vya klabu ya watembeaji, Pfälzerwald-Verein, vingi vinaendeshwa na watu wa kujitolea, na utamaduni huo wa vibanda Ujerumani iliutambua 2021 kuwa urithi. Nyama nyingi ni nguruwe na vinywaji vingi ni mvinyo, mimi huagiza jibini yao laini nyeupe na mkate na juisi ya tufaha iliyochanganywa na soda, nashiba vizuri.

Wengine watakwambia uanzie ngome ya Trifels, kule Annweiler, alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1193. Ni pazuri lakini mimi nafasi ile ningeitumia Wegelnburg, mita 572, magofu ya ngome yaliyo juu kuliko yote eneo la Pfalz. Baiskeli unaiacha chini unamalizia kwa miguu. Kule juu nilikuta mabonde yote niliyoyatolea jasho yamelala chini yangu, na mbele kidogo ngome ya Hohenbourg ambayo tayari iko Ufaransa, na kwenye jabali moja ndege kozi wakizunguka, maana hutaga kwenye majabali hayo na wapanda miamba huzuiwa kuanzia Februari mpaka Juni wasiwasumbue.

Mwezi wa kumi narudi inshallah. Safari hii nataka nitoke pale Berwartstein niufuate Wieslauter wenyewe, nivuke mpaka hadi Wissembourg, ndiyo ile Weissenburg kwa Kifaransa, nione maji ya Hans yalifikia wapi.