Sproketi ya CRF250L: nipunguze mbele au niongeze nyuma?

SWALI: Habari fundi. Nina Honda CRF250L niliyoinunua ikiwa imetumika. Siku za kazi naiendesha kutoka Njoro hadi Nakuru mjini, na wikendi naingia njia za porini: Menengai, Solai, na Mau Narok mvua ikiruhusu. Shida yangu ni vilima vya mawe. Kwenye gia ya kwanza injini inalia sana na pikipiki haisongi. Nikiweka ya pili inataka kuzima, mpaka nishikilie klachi nusu nusu, na harufu ya kuungua inatoka. Muuzaji spea ameniambia nifunge sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya nyuma ya meno 50, shida iishe. Rafiki yangu wa boda boda anasema nipunguze ya mbele. Nani anasema kweli? Na je, cheni na spidomita zitaathirika? (Msomaji, Njoro)

JIBU: Rafiki yako wa boda boda. Toa ya mbele yenye meno 14, weka ya 13, uiendeshe kwa muda kabla hujagusa ya nyuma. Hiyo 50 iache dukani.

Lakini usitoe shilingi kwanza. Umesema mambo mawili yanayonitia shaka: gia ya kwanza injini inalia bila pikipiki kusonga, na harufu ya kuungua. Gia ya kwanza ya CRF250L si ndefu kiasi cha kushindwa na mlima wa Menengai. Ikiwa umeachia klachi yote, injini inapanda na pikipiki imesimama, basi ama tairi linazunguka bure juu ya mawe, ama klachi inateleza. La tairi utaliona mwenyewe, changarawe zitaruka nyuma. Kama tairi limetulia, hapo ni klachi, na hakuna sproketi itakayoiponya.

Pima hivi. Tafuta lami iliyonyooka isiyo na magari, weka gia ya tano, enda kama kilomita 60 kwa saa, kisha fungua mafuta yote kwa ghafla. Mlio wa injini na mwendo vinatakiwa kupanda pamoja, polepole. Mlio ukiruka juu na mwendo ukabaki nyuma, sahani za klachi zimechoka. Angalia pia kebo: kwenye ncha ya mkono wa klachi kuwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Kebo iliyokazwa sana huifanya klachi isishike sawasawa, na mwenye pikipiki hajui. Halafu muulize aliyekuuzia alikuwa akitia oili gani. Klachi hii inaogelea kwenye oili ya injini, kwa hiyo inahitaji ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA kwenye mkebe. Oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Injini ya gari inafurahi, klachi yako inateleza. Na wewe mwenyewe, baada ya kuishikilia nusu nusu wikendi zote hizo, huenda umeshaichosha.

Klachi ikiwa nzima, tuje kwenye meno.

Pikipiki yako ilitoka kiwandani na meno 14 mbele na 40 nyuma. Gawanya 40 kwa 14 unapata 2.86, yaani sproketi ya mbele huzunguka karibu mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba hiyo ikipanda, gurudumu linasukuma kwa nguvu zaidi na mwendo unapungua. Ukifunga 13 mbele inakuwa 3.08, ongezeko la karibu asilimia 8. Kupata kiasi hicho hicho kwa kubadilisha ya nyuma peke yake utahitaji meno 43. Kwa hiyo jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma, na la mbele ni rahisi zaidi kwa bei na kwa kazi.

Ile 50 ya muuzaji, ukiacha 14 mbele, ni 3.57. Hilo ni ongezeko la robo nzima. Kwenye gia ya sita, ukiwa 80 kwa saa, injini itakuwa ikizunguka sawasawa na inavyozunguka sasa ukiwa 100. Kwa mtu anayepita barabara ya Njoro kila siku ya kazi, huo ni mzigo wa kelele, mtetemo na petroli kwa ajili ya saa chache za Jumamosi. Mtu aliyeiacha lami kabisa ningemsikiliza. Wewe hujaiacha.

Sasa lile la gia ya kwanza kulia na ya pili kuzima. Ndani ya giaboksi, ya kwanza inapunguza mzunguko mara 3.33 na ya pili mara 2.12. Kati yao pana shimo kubwa kuliko kati ya gia nyingine zozote mbili zinazofuatana humo. Sproketi inazishusha gia zote sita pamoja, kwa hiyo shimo hilo hutaliziba kwa meno yoyote utakayonunua. Utakachofanya ni kulisogeza lilipo.

Chukua injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambapo silinda moja ya cc 250 ikibebeshwa mlima huanza kutetemeka na kudai gia ndogo. Kwa tairi ya kiwandani ya 120/80-18, gia ya kwanza hapo inakwenda karibu kilomita 14 kwa saa, na ya pili karibu 21 na nusu. Basi kwenye mawe, mwendo wako ukishuka chini ya 21, ya pili imekukataa, na ya kwanza inakuona una haraka. Hapo katikati ndipo mkono wako unapokimbilia klachi. Kwa 13 mbele, ya pili inakubali hadi 20. Kwa 13 mbele na 43 nyuma, hadi 18 na nusu. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, ila kwenye kilima kirefu chenye mawe yaliyolegea ni tofauti ya kupanda na ya kusukuma pikipiki ya kilo 140 na zaidi kwa mikono. Gia ya kwanza nayo inageuka kuwa ya kutambaa tu, karibu 13 kwa saa kwa mzunguko huo huo. Utaitumia kupita juu ya magogo, kugeuza kwenye kona nyembamba, na kushuka kwenye miteremko mikali ambapo injini inashikilia mwendo badala ya breki.

Na kumbuka unapoishi. Nakuru mjini ni karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Njoro iko juu zaidi, na ukipanda kuelekea Mau Narok unapita 2,500. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ya kwako ilitengenezwa kutoa nguvu za farasi kama 23 ufukweni. Mau Narok labda zinabaki 17 au 18. Mfumo wake wa sindano za mafuta hurekebisha petroli iendane na hewa, lakini hewa yenyewe hauwezi kuiongeza. Kwa hiyo mtu wa Kisumu, aliye mita 1,130 tu, anaweza kukuapia kwamba 14 kwa 40 inamtosha, na akawa hasemi uongo. Kwa pikipiki ndogo za huku juu, jino moja pungufu mbele silihesabu kuwa urembo. Ndiyo gia ambayo kiwanda kingechagua kama kingekuwa kinauza Nakuru peke yake.

Kwenye lami utalipa kidogo. Ukiwa 100 kwenye gia ya sita, injini itapanda kutoka karibu mizunguko 6,300 hadi 6,800 kwa dakika. Kilima cha Sachang'wan, ambacho sasa pengine unakipanda kwa gia ya tano, huenda ukakipanda kwa ya sita, na hutakuwa umepoteza kitu. Mwendo wa juu kabisa hautapungua sana, kwa sababu kwa urefu huu gia ya sita ya kiwandani hukosa nguvu kabla ya kufika mwisho wake.

Usishuke chini ya 13 mbele. Cheni inapozunguka duara dogo hujikunja kwa pembe kali zaidi na kuvutwa kwa nguvu zaidi, na inashuka karibu na ile plastiki inayolinda mkono wa gurudumu la nyuma. Kwa 13 kagua plastiki hiyo kila unaposafisha cheni. Kwa 12 utainunua mpya kabla ya wakati wake, pamoja na cheni. Ukiona baadaye kwamba 13 kwa 40 bado ni ndefu porini, hapo ndipo uende nyuma, 42 au 43, si 50.

Kuhusu urefu wa cheni, jino moja linasogeza ekseli ya nyuma karibu milimita 4. Kutoa moja mbele kunairudisha ekseli nyuma milimita 4, na kwa kawaida nafasi ipo. Kuongeza matatu nyuma kunaivuta mbele milimita 12, kwa hiyo kama cheni ni mpya na alama za kurekebishia ziko karibu na mwanzo, utahitaji cheni yenye viungo viwili zaidi. Ukikaza cheni, pima pale inapokaza kuliko popote: watu wawili wakalie siti mpaka kitovu cha sproketi ya mbele, boliti ya mkono wa nyuma na ekseli viwe kwenye mstari mmoja. Hapo lazima cheni ibaki na mchezo kidogo. Isipobaki, bampu la kwanza la Solai litavuta shafti ya giaboksi, na hiyo ni hasara ya kufungua injini.

Dukani, sema namba ya cheni kabla ya kusema meno. Yako ni 520. Pikipiki nyingi za boda boda hutumia 428, na maduka mengi ya Nakuru yamejaa hizo. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali kati ya pini na pini: 4 ni nusu inchi, 5 ni inchi 5/8. Sproketi ya 428 haiwezi kuikubali cheni yako hata ikipigwa nyundo. Ukikosa hapa, agiza kupitia maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi. Chukua ya chuma. Ya alumini ni nyepesi, lakini vumbi letu la majivu ya volkano huila haraka.

Kabla ya kufunga, vuta cheni iliyopo kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na jino hadi uone nusu yake, au meno yamepinda kama ndoana, nunua vitu vyote vitatu kwa pamoja. Cheni iliyovutika huyala meno mapya kwa muda mfupi sana. Sproketi ya mbele kwako inashikwa na kisahani chenye boliti mbili: fungua boliti, zungusha kisahani mpaka meno yake ya ndani yalingane na mifereji ya shafti, kisha kivute. Sproketi mpya itacheza kidogo kushoto na kulia. Imeundwa hivyo. Nimewahi kuletewa moja iliyochomelewa kwenye shafti ili "isicheze", na kuitoa ilikuwa kazi ya grainda na moyo mgumu.

Cheni yenye raba ndani ya viungo isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, usitumie petroli, halafu paka oili ya gia na ufute ya juu juu. Ile oili chafu wanayomwagia cheni pale steji hukusanya vumbi na kuwa msasa.

Na spidomita, ndiyo, itadanganya. Kihisi cha mwendo cha CRF250L kiko upande wa injini, si kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo hakijui umebadilisha meno. Kwa 13 mbele, ikionyesha kilomita 100 umetembea karibu 93. Kwa 13 na 43, karibu 86. Kilomita za jumla nazo zitapanda kwa kasi isiyo ya kweli, basi ukipima unywaji wa petroli toa kiasi hicho kwanza, la sivyo utasifu pikipiki kwa akiba ambayo haipo. Ratiba ya oili iache ifuate namba ya spidomita. Utabadilisha mapema kidogo, na kwa vumbi unalopita hiyo ni sawa. Ile 14 ya zamani, kama meno yake bado ni mazima, ifunge kwenye gazeti uiweke pamoja na spana. Siku ukiwa na safari ndefu ya lami tupu, kuirudisha ni kazi ya chini ya saa moja.