Giligilani inatoa maua mapema

Shikamoo Bibi Bustani. Naishi Mabatini, Mwanza, mlimani kwenye mawe. Giligilani yangu ya kwenye ndoo inatoa maua kabla sijachuma hata mara mbili, wakati mchaichai wa jirani unastawi tu. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mchaichai unapenda jua, usijilinganishe nao. Giligilani ikipata joto hukimbilia maua, na hayo mawe yetu yanatunza joto mpaka usiku. Mimi niliwahi kuihamisha kutoka kitaluni, ikanifanyia hivyohivyo. Mzizi wake hautaki kusumbuliwa. Panda mbegu palepale, uzipasue kwanza kwa kuviringisha chupa. Ndoo itoboe chini, ikae kivulini kuanzia saa sita. Panda chache kila wiki mbili. Hiyo iliyochanua iache ikomae: mbegu zake tia kwenye pilau.